Kioo Kisichojua Vidole Vyangu

Vidole vyangu vimenitumikia vizuri, na ninamshukuru Mungu kwa ajili ya kila kimoja, hata kile cha mkono wa kushoto kilichopoteza ncha kwa panga nikiwa kijana. Vimechuma chai katika shamba letu la Kanyakine tangu mimea ilipokuwa inanifika magotini. Vimekamua ng'ombe, vimeng'oa nduma kwenye tope la mtoni, vimefunga na kufungua kamba zisizo na idadi. Na zamu yangu ilipofika kanisani, vimefungua kurasa za Maandiko mbele ya ndugu zangu bila kunung'unika. Sijawahi kuona vikikataliwa popote, mpaka nilipoletewa kishikwambi.

Lakini shida haikuanza na vidole. Ilianza na macho. Daktari mmoja pale Meru mjini alinipa miwani, kisha miwani nyingine, na mwisho akaniambia kwa upole kwamba nishukuru kwa nuru iliyobaki. Nashukuru. Ninamwona ng'ombe, ninamwona mke wangu, ninaona mlima asubuhi ukiwa haujajifunika. Ila herufi za Kitabu cha kanisani zimekuwa kama siafu waliomwagiwa maji. Jumapili moja niliruka mstari bila kujua, nikawatangazia hukumu watu ambao Mungu alikuwa akiwabariki. Waumini waliitikia amina, maana wamezoea kuniamini. Mchungaji hakuitikia.

Wiki hiyo akaja nyumbani. Ni kijana wa umri wa kuwa mjukuu wangu, mwenye adabu nyingi, na niliona kwa jinsi alivyokuwa akikoroga chai isiyohitaji kukorogwa kwamba amebeba neno zito.

"Baba," akasema, "umetusomea Neno tangu wazazi wangu hawajaoana."

"Ni neema," nikasema.

"Ni neema kweli. Sasa tumefikiri upumzike. Tumekuandalia kiti pale mbele, karibu na madhabahu. Kina mto."

Nilikijua kiti kile. Viko viwili. Cha kwanza alipewa mzee mwenzangu niliyetahiriwa naye, naye alilala Jumapili ile ile ya kwanza na hajaamka vizuri mpaka leo.

"Mchungaji," nikasema, "nipe mpaka sikukuu ya mavuno. Niache nisome somo la malimbuko. Nikishindwa siku hiyo, nitaketi kwenye mto wako na sitanung'unika."

"Atanung'unika!" mke wangu akaitikia kutoka jikoni.

Mchungaji alicheka, akamaliza chai, akakubali. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: nisome siku ya mavuno bila kukwama, au nihesabiwe miongoni mwa wanaopumzika.

Nina binti anayefanya kazi ya ofisi Embu mjini. Tulishajaribu njia nyingine kabla ya hapo, yeye na mimi. Alinichapia masomo kwa herufi kubwa, lakini kila Jumapili ina somo lake, na huwezi kumtuma dereva na bahasha kila wiki kama mtu anayesafirisha vifaranga. Akaninunulia lenzi ya mkononi, nikawa naona neno moja moja, zuri na kubwa, bila kujua lililolitangulia limekwenda wapi. Safari hii akaniita Embu, akanikalisha mezani kwake, akaniwekea mbele kitu cheusi, chembamba, ukubwa wa sahani ya ugali. Redioni wanakiita kishikwambi, na mimi nimelipenda jina hilo.

Alikiwasha. Akagusa hapa na pale, akaweka vidole viwili juu ya kioo na kuvitanua, na herufi zikakua. Zikakua tena. Zikawa kubwa kama vichwa vya kabichi. Nilisoma sentensi nzima bila miwani, na sioni aibu kusema kwamba niliitoa leso.

"Sasa ukurasa umeisha," binti yangu akasema. "Telezesha kidole kwenda kushoto, baba."

Nikatelezesha. Kioo kikanitazama.

"Polepole kidogo."

Nikatelezesha polepole, kama konokono. Hakuna.

"Basi gusa tu, usikandamize. Si kengele ya mlango."

Niligusa. Nilipapasa. Nilikandamiza alipokuwa hatazami. Yeye akanyoosha kidole chake cha ofisini, akakipitisha juu ya kioo bila hata kukigusa vizuri, na ukurasa ukaruka kama panzi. Akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa sugu moja baada ya nyingine.

"Baba, hii si ngozi. Hili ni gome."

"Ni chai," nikajitetea.

Akanieleza kwamba kioo kile huhisi unyevu na uhai wa ngozi, na kwamba sugu kavu kama zangu kinazidhania kipande cha mti. Sikukasirika. Nimechukuliwa kuwa mambo mabaya zaidi. Lakini wakati nikitafakari, mazoea yakanishinda: nikalamba kidole, kama afanyavyo yeyote aliyewahi kufunua karatasi nyembamba, nikakiweka kwenye kioo. Ah! Sasa kilinihisi kupita kiasi. Kurasa ziliruka ovyo, somo likatoweka, na mbele yangu pakatokea tangazo la viatu vya kike vyenye visigino virefu.

"Hivyo havimo katika Maandiko," binti yangu akasema.

Nilirudi Kanyakine na kishikwambi kifuani, ndani ya koti, na njiani nikaielewa hesabu yake. Herufi zikiwa kubwa, maneno yanayoenea kwenye ukurasa ni machache. Somo la malimbuko, ambalo katika Kitabu halijazi hata ukurasa mmoja, kwenye kioo lilikuwa refu kama safari ya jangwani. Macho yalikuwa yamepumzishwa, lakini kazi yote ilikuwa imehamishiwa vidole, na vidole ndivyo vilivyokataliwa.

Mniruhusu hapa niisifu simu yangu ya vibonye. Ni ndogo, imefungwa kwa mpira, na mtu hawezi kuiiba bila kuona haya. Lakini kidole changu kinaijua. Kwenye tano pana kinundu, na kutoka hapo ninaweza kwenda kila mahali, simu ikiwa mfukoni, mkono ukiwa na samadi. Kibonye kinangoja ubonyeze, na ukibonyeza kinakujibu. Kioo hakina kinundu wala jibu. Ni laini kote kama barabara mpya, na huwezi kukigusa bila kukitazama kwanza. Tena hakijui tofauti kati ya mtu anayetaka jambo na mtu anayepita tu. Kidole changu kilikisihi nusu saa na kioo hakikukisikia, lakini nzi alipotua aliheshimiwa, na mkono wa shati langu ulipopita uliheshimiwa, na mke wangu alipokisogeza ili aweke sufuria ya githeri kikafungua kamera na kumpiga picha ya kidevu.

"Kimenipenda," akasema.

Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla ya kuombewa. Tumeombea ng'ombe wa maziwa, matangi ya maji, cherehani, pikipiki, na hata mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Kwa hiyo Jumatano nikawaalika wazee wa kanisa na mwenyekiti wa umoja wa akina mama, ambaye ni fundi wa kushona pale sokoni. Tulikunywa uji, tukaimba ubeti, na kishikwambi kikawekwa katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe. Nilikuwa nimekiwasha, ili waone ukubwa wa herufi na kumtukuza Mungu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kila mtu anajua tunavyoombea kitu: tunakiwekea mikono. Na sugu ziko kwenye ncha za vidole. Kiganja, hata cha mkulima, ni laini katikati.

Basi viganja vikashuka juu ya kioo kinachowaka, kimoja juu ya kingine, tukafumba macho. Mzee anayeongoza maombi ana pumzi ndefu. Alianza na uumbaji. Alikuwa amefika kwenye hekima waliyopewa mafundi, nami nikaanza kusikia chini ya mikono yetu vilio vidogo vidogo, kama kifaranga ndani ya yai. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka mezani:

"Baba? Baba! Naona viganja tu!"

Mzee akanyamaza katikati ya neno. Hakuna aliyethubutu kufumbua macho.

"Ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi! Niko kazini, baba, ofisi nzima inawasikia!"

Na kutoka kule Embu, nyuma yake, mwanamume mmoja nisiyemjua akaitikia kwa sauti nene: "Amina!"

Mzee, ambaye hapendi kuacha sala njiani, akachukua amina ile kuwa ndiyo mwisho, akaondoa mkono. Wengine wakaondoa. Tukatazama. Simu ya video ilikuwa imekatika, na herufi zilikuwa zimerudi kuwa siafu. Ukurasa ulikuwa umesimama kwa kichwa. Maneno ya pembeni yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuhubiriwa kwayo.

Mwenyekiti wa akina mama akainamisha shingo, akaugeuza uso huku na huku.

"Sasa wazee," akasema, "tumekibariki ama tumekivuruga?"

Jioni binti yangu alinielekeza kwa simu yangu ya vibonye. Niliishika simu sikioni mwangu nikimpitishia mke wangu maneno, naye, kwa kuwa vidole vyake husuka vikapu na si vikavu kama vyangu, akawa anagusa. "Anasema utafute gurudumu lenye meno," nikasema. "Hakuna gurudumu." "Anasema lipo." "Basi aje alione yeye." Lilipatikana. Kufikia wakati wa kulala, kishikwambi kilikuwa kimesimama kwa miguu yake na kuzungumza Kiswahili tena, nasi tukashukuru kwa maneno machache, mikono yetu tukiwa tumeifunga nyuma.

Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu nilivilea vidole vyangu. Niliviloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi. Nikavisugua kwa jiwe la miguu. Nikavipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, na usiku nikavivika soksi.

"Hata siku ya harusi yetu hukujitengeneza hivi," mke wangu akasema.

"Siku hiyo nilikuwa nimeshakubaliwa."

Binti yangu alinikataza kugusa jembe, panga wala chai wiki nzima, nikatii. Na ikasaidia! Kufikia Jumamosi kidole cha shahada kilikuwa kinahisiwa karibu kila mara nikikipumulia kwanza. Nilisoma somo lote mezani, mwanzo hadi mwisho. Mke wangu alisikiliza huku akichambua maharagwe, na nilipomaliza akasema amina, jambo ambalo halifanyi kwa kumpendeza mtu.

Asubuhi ya sikukuu nikatoka na panga kwenda migombani.

"Unakwenda wapi na hivyo vidole?" akaniita. "Mwache kibarua akate."

"Malimbuko hayakatwi na kibarua."

Hakubishana, kwa maana ndivyo ilivyo. Unachompelekea Mungu kutoka shamba lako unakikata wewe mwenyewe, baba wa nyumba, hata kama mgongo unakuuma na hata kama una kioo cha kubembeleza. Baba yangu alikata. Nilichagua mkungu mzuri kuliko yote, nikaukata, nikaubeba begani, na utomvu ukanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Anayeijua ndizi anajua kwamba utomvu wake hautoki kwa sabuni. Hutoka kwa mafuta ya taa. Nikavisugua vidole kwa mafuta ya taa mpaka vikang'aa, vikavu na vigumu kama mpini wa jembe. Kazi ya wiki nzima ilikuwa imeisha kabla ya chai ya asubuhi.

Ibada ilifanyika nje, chini ya mahema, kwa kuwa watu na mazao havikuenea ndani. Palikuwa na maboga, magunia ya mahindi, nduma zenye udongo wake, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi mmoja aliyekuwa anakula mapambo. Nilipoitwa, nikasimama kwenye mimbari na kishikwambi changu, na jambo la kwanza nililoliona kwenye kioo ni kidevu changu mwenyewe na mawingu juu yake. Jua lilikuwa limekigeuza kuwa kioo cha kunyolea. Mwenyekiti wa akina mama, Mungu ambariki, alielewa. Akaja na mwavuli wake wa maua, akasimama nyuma yangu na kunitilia kivuli. Herufi zikatokea.

Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ambayo hata mbuzi aliisikiliza. Kisha nikatelezesha kidole.

Hakuna.

Nikakipumulia, nikatelezesha tena. Hakuna. Nikajaribu cha kati, cha pete, kidole gumba. Nikalamba kimoja, nikaonja mafuta ya taa, na bado hakuna. Sentensi ilikuwa imekatikia mahali ambapo mkulima ameshika kikapu mkononi na hajui akiweke wapi, na watu wote pale walikuwa wanangoja akiweke.

"Kimezima?" mtu akanong'ona.

"Hana bando."

"Mzee, jaribu kidole kingine!" akasema mwingine, kwa nia njema kabisa, kama vile ningekuwa nimebakiza kimoja mfukoni.

Kwa pembeni nikamwona mchungaji anaanza kuinuka. Alikuwa anainuka taratibu, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma. Niliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Ilikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa jina. Kisha nikainamia kioo nione kama kweli kimezima. Macho yangu yakitaka kuhakikisha jambo, uso wote huenda nayo. Pua yangu ikagusa kioo.

Ukurasa ukafunuka.

Pua haijawahi kuchuma chai. Nililiwaza hilo baadaye. Wakati ule niliinua kichwa tu na kusoma, na mkulima akaweka kikapu chake chini. Ukurasa ulipoisha nikainama tena, taratibu, na kugusa. Ukafunuka. Nikasoma. Nikainama. Mchungaji akabaki nusu amesimama nusu ameketi, kisha akaketi. Mara moja pua ilivuta upande usiofaa na nikasoma sentensi ile ile mara ya pili; waumini wakadhani nimeitilia mkazo, wakasema amina kwa nguvu zaidi.

Niliendelea mara kadhaa kabla ya kuona kilichokuwa kinatokea mbele yangu. Akina mama wa safu ya kwanza walikuwa wanainama pamoja nami. Kisha safu ya pili. Nilipofika katikati ya somo, kila nilipoishusha pua yangu hema zima lilishuka, kama majani ya tembo upepo ukipita, na kila nilipoinuka likainuka. Kwaya iliinama. Mwenye mwavuli aliinama, na jua likanipiga, nikalazimika kungoja ainuke. Sikuweza kueleza chochote; ukianza kueleza katikati ya Neno, umelikata. Nikasoma hadi mwisho, nikafunga somo kama inavyofungwa, na jibu lao likawashtua kuku.

Baada ya ibada mchungaji alinivuta pembeni, nyuma ya magunia.

"Baba," akasema, "nimekaa chuo cha theolojia miaka mingi, na hakuna aliyenifundisha kuliinamia Neno namna ile. Ni desturi ya wazee wa kwanza wa kanisa?"

Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, na leo desturi hiyo ingekuwa inafundishwa. Lakini nilimwambia ukweli. Nikamwonyesha vidole, nikamnusisha mafuta ya taa, nikawasha kishikwambi na kufunua ukurasa kwa pua mbele yake. Alitazama kwa muda, akaangalia kama kuna mtu karibu, akavua miwani, akajaribu mwenyewe. Ukurasa ukafunuka. Akacheka mpaka akaegemea gunia la mahindi, na jogoo mmoja akamdonoa kiatu.

Alipoweza kuzungumza tena alijipangusa macho. "Na Jumapili ijayo unaweza? Ni somo la ukoo. Majina matupu, baba, baba yake fulani na baba yake fulani."

"Majina hayanitishi."

"Basi ni lako. Na mengine yakifuata, zamu yako ni ile ile."

Nilimpigia binti yangu simu kumpa habari. Akaniambia kwamba kuna kalamu yenye ncha ya mpira, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na atakuja nayo Krismasi. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema hakujua kwamba mambo yangefika puani.

Wakati wa chakula, chini ya hema, bibi mmoja aliyenizidi umri alinijia na fimbo yake, ameshika kiuno kwa mkono mwingine.

"Mzee," akasema, "nimependa sana kusoma kwako. Ila niambie, ni lazima kuinama kila mara, ama kuna maneno maalumu? Mimi nimeinama mara zote, na sasa mgongo umegoma kunyooka."

Nilimketisha, nikamtafutia chai, nikamweleza yote kuhusu kioo, sugu, utomvu na pua. Alinisikiliza kwa makini, akaitazama pua yangu kwa muda mrefu, kama mtu anayekadiria bei ya ndama. Kisha akanishika mkono na kuutikisa.

"Basi mwanangu," akasema, "Mungu akulinde na mafua."